Mashimo Thelathini na Moja

Aliye na kalamu aishike, na aliye barabarani asikilize tu, maana namba ya leo ni ndefu kidogo: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba. Kwa tarakimu ni 2,147,483,647.

Ukiitazama hivi hivi haina sura. Haiishii na sifuri, tarakimu zake hazifuatani, na hakuna mtu ataichagua kwenye bahati nasibu. Lakini ukimtajia mwandishi yeyote wa programu za kompyuta, awe Nairobi, Dodoma au Goma, atatabasamu kama aliyetajiwa jina la mtu anayemdai. Ukimtajia mwanahisabati naye atatabasamu, ila kwa sababu nyingine kabisa. Jioni hii nataka tuzungumzie sababu zote mbili, kwa kuwa ile ya mwandishi wa programu inatuhusu hata sisi tusiojua hesabu.

Tuanze na namba yenyewe inavyojengwa. Chukua bao, lile bao letu la mistari minne, mashimo manane kila mstari, jumla mashimo 32. Wachezaji wa kweli mnisamehe, maana nitakachofanya si mchezo mnaoujua: hakuna kula, hakuna nyumba, hakuna kutakata. Kila shimo nalipa thamani yake. Shimo la kwanza ni moja, la pili ni mbili, la tatu ni nne, la nne ni nane, kila shimo maradufu ya lililotangulia. Kanuni ni hii: shimo ama lina kete moja, ama halina kitu. Kete kwenye shimo la kwanza na la tatu ni tano. Kete kwenye mashimo matatu ya mwanzo ni saba. Kwa namna hiyo unaweza kuandika namba yoyote nzima, mradi mashimo yatoshe.

Sasa jaza mashimo 31, liache tupu lile la mwisho. Hesabu thamani ya kete zako zote. Utapata bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba na kuendelea, ile ile niliyoitaja mwanzo. Kete 31 tu! Bao zima huchezwa kwa kete 64, kwa hiyo bado unazo 33 mkononi. Wanahisabati huandika kwa ufupi zaidi: mbili kipeo cha 31, toa moja.

Swali walilojiuliza watu wa zamani ni hili: je, namba hii ni tasa? Yaani, haigawanyiki kwa namba yoyote isipokuwa moja na yenyewe, kama zilivyo 7, 13 au 31? Kwa namba ndogo swali hili ni la mtoto wa darasa la tano. Jumlisha tarakimu za namba yetu: unapata 46, na 46 haigawanyiki kwa tatu, basi na yenyewe haigawanyiki kwa tatu. Haiishii na tano wala sifuri, basi tano haimo. Ni witiri, basi mbili haimo. Umemaliza tatu, zimebaki elfu kadhaa. Ili kuwa na hakika kwa njia hiyo ya kawaida, inakupasa ujaribu kila namba tasa hadi kufikia kipeuo cha pili cha namba yetu, yaani hadi 46,340. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Fikiria kugawanya namba ya tarakimu kumi mara 4,700 kwa kalamu ya unyoya na mshumaa, na ukikosea mara moja tu, kazi yote haina maana.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kwamba ni tasa alikuwa Mtaliano, Pietro Cataldi, mwalimu wa hesabu mjini Bologna, katika kitabu kilichotoka mwaka 1603. Cataldi alikuwa mchapakazi. Alionyesha kwamba mbili kipeo cha 17 toa moja, ambayo ni 131,071, ni tasa, na kwamba mbili kipeo cha 19 toa moja, yaani 524,287, nayo ni tasa. Kwa hiyo ya pili aligawanya kwa kila namba tasa mpaka alipofika 724, hakuna iliyoingia sawasawa. Hiyo ni kazi halali. Tatizo ni kwamba baada ya hapo alivimba kichwa, akatangaza kwamba kipeo cha 23, cha 29, cha 31 na cha 37 nazo zinatoa namba tasa. Kati ya hizo nne alipatia moja. Kipeo cha 23 kinatoa 8,388,607, nayo ni 47 mara 178,481. Kipeo cha 37 kinatoa namba inayogawanyika kwa 223. Pierre de Fermat wa Ufaransa ndiye aliyezivunja hizo mbili, mwaka 1640. Kipeo cha 29 nacho kinatoa namba inayogawanyika kwa 233. Ya 31 ndiyo iliyosalimika, na mimi kwa hiyo simpi Cataldi alama hata moja. Alibahatisha.

Miaka minne baada ya Fermat, mtawa mmoja wa Paris, Marin Mersenne, alichapisha orodha yake ya vipeo ambavyo, kwa kauli yake, hutoa namba tasa hadi kipeo cha 257. Mle ndani 31 imo. Imo pia 67, ambayo ni kosa, na 257, ambayo ni kosa, na ameziruka 61, 89 na 107, ambazo zilistahili kuwemo. Hata hivyo namba za aina hii mpaka leo zinaitwa namba za Mersenne. Dunia haina haki sana katika kugawa majina.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 160 watu wawili wenye sifa walishasema ndiyo, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuja mwaka 1772 kutoka St. Petersburg, Urusi, katika barua ambayo Leonhard Euler alimwandikia mmoja wa ukoo wa wanahisabati wa Bernoulli. Euler alikuwa Mswisi, na mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 65. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika tangu ujana wake. La kushoto lilipata mtoto wa jicho. Mwaka 1771 akafanyiwa upasuaji, ukafanikiwa kwa muda mfupi, kisha maambukizi yakalimaliza. Aliendelea kufanya hesabu kwa kuwaambia wengine waandike, na miaka hiyo ya giza ndiyo aliyotoa kazi nyingi kuliko wengi wetu tunavyoweza kutoa tukiwa na macho manne.

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu uzuri wa namba hii uko kwenye njia aliyopita Euler. Hakutaka kugawanya mara 4,700. Aliuliza kwanza: kama namba hii ina kigawo, kigawo hicho kitakuwa cha namna gani? Fermat alikwisha kugundua jambo moja. Kigawo chochote cha mbili kipeo cha 31 toa moja, ukikigawanya kwa 62, lazima kibakize moja. Euler akaongeza la pili: kigawo hicho hicho, ukikigawanya kwa nane, lazima kibakize moja au saba. Unganisha masharti mawili hayo, na mlango unakuwa mwembamba sana. Kigawo lazima kiwe kizidishio cha 248 kilichoongezwa moja, au kizidishio cha 248 kilichoongezwa 63. Hakuna kingine kinachoruhusiwa kupita. Hiyo 248 si namba ya ajabu. Ni nane mara 31. Lakini ishikeni, nitairudia.

Aliye na kalamu aandike pamoja nami. 248 ongeza moja ni 249, lakini hiyo ni tatu mara 83, si tasa, achana nayo. 248 ongeza 63 ni 311. Hiyo ni tasa, ijaribu. Inayofuata ni 497, saba mara 71, achana nayo. Halafu 559, ambayo ni 13 mara 43. Kisha 745, 807, 993, 1,055, 1,241, zote zinavunjika. Ndipo unafika 1,303, nayo ni tasa. Yaani kutoka mwanzo kabisa mpaka 1,303 umegawanya mara mbili tu. Namba za umbo hilo mpaka kufikia 46,340 ni 372 kwa jumla, na ukiondoa zile zisizo tasa zinabaki chini ya mia. Kazi iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku chache. Euler akazijaribu, hakuna iliyoingia, na suala likafungwa: 2,147,483,647 ni tasa.

Kuna faida nyingine iliyokuja na jibu hilo. Tangu Euclid, Mgiriki wa kale, ilijulikana kwamba kila unapopata namba tasa ya aina hii unapata pia namba kamilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe. Sita ni ya kwanza: moja, mbili na tatu jumla yake ni sita. Kisha 28, kisha 496, kisha 8,128. Ugunduzi wa Euler uliipa dunia namba kamilifu ya nane, yenye tarakimu 19: 2,305,843,008,139,952,128. Sitaisoma kwa maneno, mtanizimia redio.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alileta kipimo kizuri zaidi ambacho hakihitaji kutafuta kigawo hata kimoja, na Mmarekani D. H. Lehmer akakinyoosha miaka ya 1930. Ni rahisi kiasi kwamba tunaweza kukijaribu hapa kwa namba ndogo, tuseme 31, ambayo ni mbili kipeo cha tano toa moja. Anza na nne. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili: 14. Izidishe kwa yenyewe, toa mbili: 194. Gawanya kwa 31, unabaki nane. Nane mara nane ni 64, toa mbili ni 62, na 62 kwa 31 inaingia bila baki. Umepata sifuri baada ya hatua tatu, mbili pungufu ya kipeo chako, basi 31 ni tasa. Kwa namba yetu kubwa hatua ni 29. Kipimo hiki hiki ndicho kinachotumika hadi leo kuhakikisha namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Ile iliyopatikana mwezi Oktoba 2024 ni mbili kipeo cha 136,279,841 toa moja, na ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Sasa nimlete Mwingereza, Peter Barlow. Mwaka 1811 alichapisha kitabu juu ya nadharia ya namba, na alipofika kwenye namba kamilifu ya Euler alitoa kauli kwamba hiyo huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, kwa hiyo nani atajisumbua kutafuta nyingine? Karne haikuisha kabla hajaumbuliwa. Lucas mwenyewe, mwaka ule ule wa 1876, alithibitisha mbili kipeo cha 127 toa moja, namba ya tarakimu 39. Lakini kwangu mimi kosa kubwa la Barlow ni kule kusema hazina matumizi, kwa sababu kipeo hicho cha 31 kilikuja kuwa kama dari la nyumba ambamo nusu ya dunia inafanyia kazi.

Turudi kwenye bao letu. Nilisema tujaze mashimo 31 tuliache la 32 tupu. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa miongo kadhaa zilihifadhi namba nzima kwa biti 32, na biti ni kama shimo letu: ina kitu au haina. Kwa nini basi zisitumie mashimo yote 32? Kwa sababu kompyuta inahitaji pia namba hasi. Lazima ijue deni, lazima ijue nyuzi joto chini ya sifuri. Kwa hiyo shimo la mwisho limepewa thamani hasi: kete ikikaa humo, unahesabu hasi 2,147,483,648. Hiyo ndiyo maana namba kubwa kabisa chanya inayoingia ni ile yenye mashimo 31 yaliyojaa. Kwamba ni tasa hapo haisaidii wala haidhuru. Imefika pale kwa sababu ya idadi ya mashimo, na idadi ya mashimo ni uamuzi wa binadamu.

Je, ukiongeza moja? Kete zote 31 zinaondoka, na moja inatua kwenye shimo la 32. Kompyuta inasoma hasi bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, mia nne themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na nane. Tajiri kuliko wote amelala akaamka na deni kuliko wote, kwa shilingi moja aliyoongezewa.

Desemba 2014 kampuni ya YouTube ilitangaza kwamba wimbo wa yule Mkorea PSY, «Gangnam Style», umetazamwa mara nyingi kupita kiasi hicho, na kwamba kaunta imebadilishwa iwe ya biti 64. Watu walicheka, na kweli jambo lilikuwa la kuchekesha. Kwetu si la kuchekesha sana, na nitawaambia kwa nini.

Aliyeamua kwamba bilioni mbili na ushei zinatosha alikuwa anahesabu dola. Duka la dola bilioni mbili si duka, ni taasisi. Lakini kwa shilingi ya Tanzania kiasi hicho ni chini ya dola milioni moja, na kwa shilingi ya Uganda ni kidogo zaidi. Chama cha ushirika cha kahawa kinaweza kukivuka kwa msimu mmoja. Na kama mwandishi wa programu aliamua kuhifadhi fedha kwa senti, kama wanavyofundishwa wengi, basi dari linashuka hadi shilingi milioni 21, laki nne na sabini na nne elfu na mia nane na ushei, bei ya kiwanja cha kawaida. Programu inayofanya kazi vizuri kabisa kwa muuza maua wa Chicago inaweza kumgeuza mfanyabiashara wa Kariakoo kuwa mdaiwa.

Angalia pia namba za simu. Ukiandika namba ya simu ya Tanzania kwa kuanza na 255, au ya Kenya kwa kuanza na 254, unapata tarakimu 12, yaani mamia ya mabilioni. Mwanafunzi anayejifunza kutengeneza hifadhidata akiweka safu ya namba hizo kama namba ya kawaida ya biti 32, baadhi ya mifumo, hasa ikiachwa kwenye mipangilio ya zamani, haimwambii kitu. Inakata tu na kuandika kubwa inayoweza. Siku akifungua orodha ya wateja anakuta wote wana namba moja ya simu: 2147483647. Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba ukimtajia mwandishi wa programu atatabasamu.

Lakini kubwa kuliko yote ni saa. Mfumo wa Unix, uliotengenezwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell kule Marekani, huhesabu wakati kwa sekunde. Sifuri yake ni mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Mwanzoni walihesabu kwa vipande vya sekunde, 60 kwa kila sekunde moja, na bao la mashimo 32 likawa linajaa kwa siku 828 tu. Wakaona hapana, wakahamia sekunde nzima. Kwa sekunde nzima mashimo 31 yanatosha miaka 68 na wiki kadhaa. Kwa vijana wa mwaka 1971 miaka 68 mbele ilikuwa ni zama za wajukuu wao.

Miaka hiyo inaisha Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde saba asubuhi; kwa ndugu zetu wa Kigali, Bujumbura na Bukavu ni saa kumi na moja na dakika 14. Sekunde inayofuata, kompyuta yoyote ambayo bado inahesabu hivyo itaamini kwamba ni tarehe 13 Desemba 1901, mwezi ule ule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu.

Mtasema 2038 ni mbali. Si mbali, kwa sababu kompyuta haishughuliki na leo tu, inaandika pia tarehe za mbele. Mwezi Mei 2006 seva zilizokuwa zikitumia programu moja inayoitwa AOLserver zilianza kuanguka. Aliyeipanga alitaka ombi fulani lisiishe muda kamwe, akaandika lisubiri sekunde bilioni moja. Siku ile, ukijumlisha sekunde bilioni moja kwenye saa ya wakati huo, ulivuka ile tarehe ya Januari 2038. Sasa fikirieni hati zetu za ardhi Tanzania, zinazotolewa kwa miaka 33, 66 na 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 2006 inaisha 2039. Fikirieni hatifungani za serikali za miaka 25, mikopo ya nyumba, tarehe ya kustaafu ya kijana aliyeajiriwa mwaka huu. Zote ziko ng'ambo ya dari.

Na msidhani jambo la namna hii halijawahi kutufikia. Mnakumbuka mwaka 2024, TANESCO ilipowataka wateja wa LUKU, na Kenya Power ilipowataka wateja wake wa tokeni, waingize tarakimu nyingine 20, kisha tena 20, kabla ya zile za umeme? Wengi walidhani ni utapeli, wengine wakasema ni njama ya kupandisha bei. Ilikuwa ni bao limejaa. Mita za kulipia kabla, karibu duniani kote, huhesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi zilizotengwa ni 24, sawa na mistari mitatu ya bao letu. Mashimo 24 yanabeba dakika 16,777,216. Ukizipiga hesabu zinafika tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingepita siku hiyo bila kubadilishwa ingekataa tokeni mpya. Bibi wa Kibiti na mzee wa Machakos walisimama mbele ya mita, mjukuu anasoma, wao wanabonyeza, na kazi ikakamilika. Naona ni moja ya matengenezo makubwa ya kompyuta yaliyowahi kufanywa na watu wasiojiita mafundi, na hakuna aliyewapa hongera.

Kabla sijamaliza, nilisema nitairudia 248. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege aina ya Boeing 787, hizi Dreamliner ambazo sasa Kenya Airways na Air Tanzania wanazo, zizimwe umeme kabisa kila baada ya muda fulani mpaka programu irekebishwe. Vidhibiti vya jenereta zake vilikuwa na kaunta ya ndani, na jaribio la maabara lilionyesha kwamba vikiachwa vikiwaka mfululizo kwa siku 248, vyote vinaweza kujizima kwa mpigo, hata ndege ikiwa angani. Kwa nini siku 248? Ichukue namba yetu kama hesabu ya sehemu za mia za sekunde: bilioni mbili na ushei za sehemu hizo ni siku 248 na nusu hivi. Euler alipata 248 kwa kuzidisha nane na 31; hapa imepatikana kwa sababu siku ina sekunde 86,400. Hakuna uhusiano wowote kati ya hizo mbili. Ni sadfa tupu, na nawaonya msije mkaanza kuuza vitabu vya siri za namba.

Wanahisabati wao hawajaiacha namba hii. Walijiuliza: tukichukua mbili, kipeo kikiwa ni hii hii 2,147,483,647, tukatoa moja, je, hiyo nayo ni tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Lakini jibu linajulikana: hapana. Inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Namba ambayo hakuna atakayeisoma tumeshakijua kigawo chake, ilhali tarehe iliyomo kwenye kompyuta ya ofisi ya kata hatujui imehifadhiwa kwa mashimo mangapi.

Dawa ipo, na si ya siri. Kompyuta na simu mpya nyingi zinahesabu kwa biti 64, na sekunde kwa kipimo hicho zinatosha miaka bilioni 292. Mfumo wa Linux ulirekebishwa kwa ajili ya mashine za biti 32 mwaka 2020. Kinachobaki ni vitu vya zamani: programu iliyonunuliwa miaka ya nyuma na aliyeiandika hayupo tena, mashine za mtumba zinazoshuka bandarini, kamera za ulinzi, vidhibiti vya pampu za maji, vifaa vya hospitali. Vitu hivyo havipigi kelele. Vinafanya kazi hadi sekunde ya mwisho.

Basi kama wewe ni mweka hazina wa SACCOS, mganga mkuu, mhasibu wa halmashauri au mwenye duka mwenye programu ya mauzo, msimamishe aliyekuuzia mfumo umwulize mambo mawili. Kiasi kikubwa kabisa cha shilingi kinachoingia humu ni kipi? Na ukiandika tarehe 20 Januari 2038, mfumo unarudisha tarehe gani? Akikujibu kwa maneno, usikubali. Aiandike mbele yako, uione kwenye kioo.